Wingu la Taifa Halizimiki

Palikuwa na nchi, na tafadhali msianze kutazamana, maana siyo nchi yenu. Nchi yenu ina jina. Hii ilibadilishwa jina kila Mlezi Mkuu alipoota ndoto, na mwezi ninaousimulia haikuwa na jina kabisa, kwa kuwa alikuwa akilala usingizi mzuri.

Katika nchi hiyo kila mtu aliandikwa kwenye Daftari Kuu. Halikuwa daftari la karatasi; lilikaa ndani ya kompyuta, na bila hilo hukununua unga, hukupanda treni wala hukuzikwa. Ukifika dirishani karani aliandika jina lako, na mashine ikajibu "yupo" au "hayupo". Aliyeambiwa hayupo alitakiwa kuondoka kwa utulivu, kwani foleni ni ya watu waliopo.

Daftari lenyewe lilihifadhiwa ng'ambo. Huko kuna kampuni zenye majumba yaliyojaa kompyuta kubwa, na yeyote duniani anaweza kukodi sehemu, kama mtu anavyopanga chumba. Wenye kazi yao huliita wingu. Daftari lilikaa kwenye wingu hilo la kukodi miaka kumi na mbili bila kelele, na kitu kisichopiga kelele serikali ile haikuweza kujua kama kipo.

Ikatokea siku moja Mlezi Mkuu akarudi kutoka mkutano wa wakuu wa nchi akiwa amenuna. Wakati wa chakula mwenzake mmoja alikuwa amemtania: "Nasikia wananchi wako wote ni wapangaji." Meza nzima ilicheka. Mlezi Mkuu naye alicheka, kisha akasusa kula siku mbili, na siku ya tatu akasema redioni kwamba nguo ya kuazima haistiri maungo, na kwamba ndani ya siku tisini nchi itakuwa na wingu lake yenyewe, lililojengwa na mikono yake yenyewe, na ambalo halitazimika milele.

*

Wizara ya Mitambo, Maendeleo na Makofi iliitisha mkutano wa dharura. Waziri, Mheshimiwa Kitwana Ngulumbi, aliuliza ni mzalendo gani atakayeifanya kazi hiyo. Wote wakatazama viatu vyao. Mkono mmoja tu ulinyanyuka, kule nyuma karibu na mlango.

Ulikuwa mkono wa Sikudhani Mbaruku, mhandisi wa daraja la tatu, mwanamke wa miaka arobaini na miwili ambaye kwa miaka tisa alikuwa akilitunza Daftari pamoja na mwenzake mmoja tu.

"Mama yule amejitolea!" alisema Waziri, na makofi yakapigwa.

"Mheshimiwa, nilitaka kuuliza..."

"Na unyenyekevu anao!" Makofi yakarudiwa, na karani wa mkutano alikuwa ameshaandika.

Baadaye Sikudhani alimkimbilia Waziri kwenye ukumbi wa kutokea. Alisema kwamba wazo lenyewe si baya, maana mwenye nyumba akikasirika mpangaji hana pa kwenda. Ila wale wa ng'ambo wana wahandisi maelfu wanaopokezana zamu, na huku wapo wawili, na mmoja anaumwa mgongo.

"Kujenga tutajenga, Mheshimiwa. Kulea ndiyo shughuli. Tuanze basi na kitu kidogo, leseni za baiskeli, mwaka mmoja tu, tujifunze. Watu tuwaache walipo kwanza."

"Mlezi Mkuu hajawahi kuanza na baiskeli," alisema Waziri, akamshika bega kwa upole. "Na usisahau Sheria ya Dhamana."

Sikudhani hakuwa ameisahau.

Sheria ya Dhamana ndiyo iliyokuwa fahari ya nchi ile. Ilisema kwamba anayejenga kitu cha umma, watu wa nyumbani kwake ndio wa kwanza kukitumia. Daraja likikamilika, mke na watoto wa mhandisi walisimama chini yake huku malori kumi ya mchanga yakipita juu. Lifti mpya ilipandwa kwanza na mama mkwe. Ndiyo maana nchi ilikuwa na madaraja machache na wahandisi wagane wengi.

Sikudhani hakuwa na mume wala mtoto. Nyumbani kwake alikuwa na mtu mmoja tu, mama yake, Bi Mwanaheri, ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi mwaka wa pili sasa. Kila Jumanne na kila Ijumaa alipelekwa Hospitali Kuu kusafishwa damu. Na mashine ya kusafisha damu, kama mashine zote za nchi ile, haikuanza kuzunguka mpaka Daftari liseme "yupo".

*

Kazi ikaanza. Sikudhani na mwenzake, Chande, waliunganisha kompyuta mia mbili kwenye ghala lililokuwa la korosho, wakaujenga mtambo kwa namna inayojengwa siku hizi duniani kote: kila kazi imefungwa ndani ya kisanduku chake pamoja na yote inayoyahitaji, na juu ya visanduku vyote kuna msimamizi asiyelala. Kisanduku kikikwama, msimamizi hukiua na kuwasha kipya mahali pake, na mtumiaji hata hajui. Watu wenyewe huwekwa pembeni, kwenye ghala la kumbukumbu, nakala mbili au tatu, ili kisanduku kikifa kisife na mtu.

Siku ya arobaini Waziri alikuja kukagua. Chande, aliyejivunia kazi yake, akaua kisanduku kimoja ili amwonyeshe. Baada ya sekunde tisa kingine kikawaka.

Waziri alisimama. "Kimekufa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, na kingine kimezaliwa. Ndivyo mtambo unavyojitibu."

"Kimekufa mbele ya macho yangu? Katika awamu hii?"

Ilibidi aletewe maji. Jioni ile ile amri ikatoka kwamba hakuna kisanduku cha serikali kitakachokufa bila kibali cha Kamati ya Vifo vya Vyombo vya Umma. Kamati itakaa kila Jumanne, akidi ikitimia, na maombi yaletwe kwa nakala nne pamoja na picha ndogo mbili za marehemu mtarajiwa. Msimamizi asiyelala akazimwa, kwa kosa la kuua bila kibali.

Kisha Waziri akauliza kwa nini kila mwananchi ameandikwa mara mbili.

"Ni akiba, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Moja ikiharibika..."

"Iharibike? Anayeweka akiba ana shaka, Bi Mbaruku. Una shaka?"

"Sina, Mheshimiwa."

"Na kuandika watu mara mbili ni kazi ya Tume ya Uchaguzi. Usiingilie wizara za wenzako."

Kwa hiyo nakala zikafutwa, ghala la kumbukumbu likafungwa, na watu wakawekwa ndani ya visanduku vyenyewe, kata kwa kata. Mwisho likatundikwa ukutani bao la taa, kila kisanduku na taa yake. Taa zote zilikuwa za kijani. Nyekundu na za njano hazikuagizwa kabisa, kwa kuwa hazikuonekana kuwa na matumizi.

Chande alizitazama taa zile, akamvuta Sikudhani pembeni.

"Dada, mimi nina watoto watano na mama wakwe wawili. Familia yangu inajaza daraja zima. Nakwenda kulima vitunguu."

"Utaniacha peke yangu, Chande?"

"Nisamehe, dada yangu. Naogopa."

Hata kwaheri hakumaliza vizuri. Alitokea mlango wa nyuma ameshika mgongo, na Sikudhani akabaki na kompyuta mia mbili na nywila zote za taifa kichwani mwake.

*

Uzinduzi ulifana. Palikuwa na bendi, na utepe uliofungwa kwenye kitufe cha kompyuta. Bi Mwanaheri aliketishwa mstari wa mbele kwenye kiti cha enzi cha kukodi, amejitanda kanga mpya, miguu haigusi chini. Mlezi Mkuu alikata utepe, na jina la kwanza kuhamia Wingu la Taifa likawa la mama huyo. Papo hapo likafutwa ng'ambo, na bendi ikapiga.

"Mbona mikono yako ya baridi?" mama alimuuliza njiani kurudi.

"Naogopa, mama. Jina lako sasa liko sehemu moja tu."

"Jina langu kaliandika Mungu, mwanangu."

"Mungu hana mashine ya figo, mama."

"Astaghfiru," alisema Bi Mwanaheri, lakini aliushika mkono wa bintiye mpaka wakafika nyumbani.

Wiki mbili mambo yalikwenda. Nchi nzima ilihamishwa. Sikudhani alilala na simu kifuani, akishtuka kila ilipolia, na kushtuka zaidi ilipokaa muda bila kulia. Wiki ya tatu, Alhamisi saa nne asubuhi, kisanduku cha arobaini na saba kikakwama. Hakikufa na hakikuishi. Kiliulizwa jina, kikajibu "hayupo". Kikaulizwa lingine, kikajibu vilevile. Ndani yake mlikuwa na kata nzima, watu elfu thelathini na moja, na mmoja wao alikuwa Bi Mwanaheri.

Sikudhani alikimbia hadi ofisini kwa Waziri, kiatu kimoja kikabaki ngazini.

"Taa inasemaje?" aliuliza Waziri.

"Kijani, Mheshimiwa."

"Basi."

"Lakini kata nzima haipo!"

"Amelalamika nani?"

"Hawawezi kulalamika, Mheshimiwa. Dirisha la malalamiko linauliza jina kwanza."

"Kwa hiyo hakuna malalamiko," alisema Waziri, na uso wake ukakunjuka kwa furaha ya kweli.

Sikudhani akapiga magoti. Alieleza kwamba hawezi kukizima kisanduku, maana nakala hakuna na watu wote wangefutika nacho. Alitaka kibali cha kukifungua tu, taratibu, awatoe mmoja mmoja.

"Kufungua ni upasuaji," alisema Waziri. "Upasuaji unaweza kuleta kifo. Andika ombi, Jumanne Kamati inakaa."

"Kesho ni siku ya mama yangu kusafishwa damu, Mheshimiwa. Akikosa, hafiki Jumanne. Atakufa."

Waziri alimtazama kwa huruma, akamsogezea bakuli la peremende.

"Bi Mbaruku, tumia akili yako ya uhandisi. Kama hayupo, atakufaje?"

*

Ijumaa saa moja asubuhi walikuwa hospitali. Muuguzi, Sista Kalista, aliyemjua Bi Mwanaheri kwa jina, kwa mshipa na kwa utani, aliandika jina lake mara tatu. Mara tatu mashine ikajibu.

"Sista, si unamwona huyu hapa?" alisema Sikudhani.

"Mwili nauona, dada. Mashine haitaki mwili, inataka jina." Macho ya muuguzi yalikuwa mekundu. "Nikiiwasha kwa nguvu inajifunga, na mimi nafungwa nayo. Mrudishe nyumbani. Asinywe maji mengi."

Kufikia Jumamosi adhuhuri miguu ya Bi Mwanaheri ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, na pumzi aliivuta kwa vituo. Sikudhani alimwacha kwa jirani, akaenda kwenye ghala la korosho, akakaa mbele ya kompyuta bila kujua alilofuata. Bao lote la taa lilikuwa kijani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kiasi kwamba alisikia meno yake yanagongana na akadhani ni mtambo.

Ndipo akafikiria kuangalia ng'ambo. Wingu la kukodi lilipaswa kuwa limefungwa mara jina la mwisho lilipohamishwa. Akaingiza nywila zake za zamani, kwa kutapatapa tu, kama mtu anayepekua mfuko anaojua ni mtupu. Mlango ukafunguka.

Palikuwa bado na watu humo. Aliwahesabu: mia mbili na kumi na wanne. Juu kabisa alikuwa Mlezi Mkuu. Wakafuata wake zake, watoto, wakwe, shemeji wa mkoani, mnyoosha nguo na kasuku mwenye pasipoti ya kibalozi. Chini yao alikuwa Mheshimiwa Kitwana Ngulumbi na nyumba zake zote tatu. Kila mmoja alikuwa na nakala tatu za akiba. Na pembeni paliandikwa agizo kwa mashine zote za nchi: zianze kuuliza huku, kabla ya kuuliza Wingu la Taifa.

Sikudhani alisoma orodha ile mara mbili. Hakukasirika, hasira ilihitaji nafasi, na mwili wote ulikuwa umejaa woga. Alichokumbuka ni jambo moja tu, ambalo kila mtoto wa nchi ile alilijua: ni mwiko kuuliza nasaba ya mtu wa Ikulu. Wa mwisho kuuliza alikuwa katibu mmoja, na hata jina lake haliulizwi. Mlezi Mkuu mwenyewe alishapoteza hesabu ya ndugu zake siku nyingi.

"Liwalo na liwe," alisema kwa sauti, akaandika mstari wa mia mbili na kumi na tano. Bi Mwanaheri. Uhusiano: mama mdogo wa Mlezi Mkuu. Watoto: hana.

Pale penye watoto mkono ulisita. Lakini mama mdogo wa Ikulu mwenye binti mhandisi wa daraja la tatu angefuatiliwa siku ile ile. Akabonyeza.

Aliwaza pia wale elfu thelathini na moja waliobaki. Mlezi Mkuu, hata angekuwa nani, hawezi kuwa na mama wadogo elfu thelathini na moja. Aliona aibu, akazima kompyuta, akakimbia.

"Mama," alimnong'oneza kwenye teksi, "kuanzia leo wakikuuliza, huna mtoto."

Bi Mwanaheri alifungua macho. "Nimekuzaa kwa uchungu wa siku mbili, leo niseme sina?"

"Sema huna. Nakuomba, mama. Ukisema unaye, tumekufa wote wawili."

*

Safari hii mashine haikusema "yupo" tu. Ilipiga wimbo wa taifa. Sista Kalista aliduwaa, akamtazama Sikudhani, akaelewa yote au hakuelewa lolote, na akachoma sindano. Damu ikaanza kuzunguka. Baada ya dakika ishirini Mganga Mkuu alifika akikimbia na zulia, na baada ya saa moja wagonjwa wengine wa chumba kile walikuwa wamehamishiwa varandani. Sikudhani naye alitolewa nje, kwa sababu hakuwa mtu wa Ikulu. Alisimama kwenye kidirisha cha mlango, akamwona mama yake anapumua bila vituo. Alilia kwa shukrani, mkono mdomoni asisikike.

Jumanne Kamati ya Vifo haikukaa. Akidi haikutimia, kwani mwenyekiti wake alikuwa mkazi wa kata ile ile, na mlango wa ukumbi ulimwambia hayupo.

Jumatano zikaja gari kumi na tano. Ilikuwa imegunduliwa kwamba mtu wa Ikulu anatibiwa nchini, jambo ambalo halijawahi kutokea na lililowafedhehesha wakubwa wote. Watu wa Ikulu walitibiwa ng'ambo, ndiyo desturi. Ndege ilikuwa tayari, na makazi yameandaliwa huko huko kwa maisha yake yote. Watumishi wa Wizara waliitwa uwanja wa ndege kumuaga Mama Mdogo wa Taifa, na kila mmoja akapewa kibendera.

Sikudhani alipangwa mstari wa pili. Kiti cha magurudumu kilisukumwa juu ya zulia, na Bi Mwanaheri akaonekana, mdogo, amevishwa hariri isiyo saizi yake. Waziri alitembea pembeni yake akiwa ameinama, macho kwenye zulia, kwani mtu wa Ikulu hatazamwi usoni. Walipofika usawa wa Sikudhani, mama aliinua mkono na kiti kikasimama.

Sikudhani alikishika kibendera kwa mikono miwili. Akamwona mama yake anafungua mdomo.

"Huyu binti ni nani?" aliuliza Bi Mwanaheri.

"Mfanyakazi tu, Mama Mheshimiwa. Mhandisi wetu mdogo."

"Hana mama?"

Waziri akamgeukia Sikudhani, nyusi juu. Wote wakamgeukia.

"Sina, Mheshimiwa," alisema Sikudhani.

Bi Mwanaheri alimtazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia Waziri.

"Mwambieni ale. Amekonda."

Kiti kikaendelea. Mlango wa ndege ulipofungwa Waziri alirudi mstari wa pili, akasimama karibu sana na Sikudhani.

"Unamfahamu yule mama?"

"Simfahamu, Mheshimiwa."

"Mbona machozi?"

"Ni furaha, Mheshimiwa."

Waziri aliridhika. Akatoa kitabu chake kidogo, akaandika kwamba wananchi walilia kwa furaha.

Sikudhani alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu kata yake bado haikuwepo na treni ilimkataa. Jirani alimwazima unga. Akasonga ugali wa mtu mmoja, akaketi, akaula wote mpaka ukoko huku machozi yakimtoka, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa.